Jinsi ya Kusoma Faili la Mgonjwa: Mwongozo Kamili wa Vifupisho na Istilahi za Hospitali

Anayeanza kazi mapokezi, chumba cha mafaili au wodini hukabidhiwa karatasi iliyojaa herufi: c/o, k/c, 3/7, NAD, ?PTB, TCA 2/52. Ndugu anayeuguza mgonjwa naye hurudi nyumbani na daftari lenye herufi zilezile, akakaa nalo akibashiri. Wengi wao hutafuta orodha ndefu ya vifupisho na kuanza kuikariri kuanzia A.

Orodha haikufikishi mbali, kwa sababu kifupisho kimoja kina maana mbili au tatu, na kinachoamua ni mahali kilipoandikwa. BID kwenye mstari wa dawa ni mara mbili kwa siku. BID kwenye rejista ya idara ya dharura ni mtu aliyefikishwa akiwa ameshafariki. OD kwenye cheti cha dawa ni mara moja kwa siku, kwenye kliniki ya macho ni jicho la kulia, na kwa mgonjwa aliyeletwa usiku hajitambui inaweza kuwa kuzidisha dawa. PR ikiwa jirani na joto na presha ni mapigo ya moyo. Ikiwa kwenye dawa ya kuweka, au kwenye upimaji wa tezi dume, ni njia ya haja kubwa. Kwa hiyo tutaanza na ukurasa wenyewe, twende kwenye alama na namba, ndipo tuyaguse maneno marefu.

Mifano ni ya Tanzania na Kenya, ambako faili huandikwa kwa Kiingereza hata pale mazungumzo yote na mgonjwa yalipofanyika kwa Kiswahili.

Hatua ya 1: Jua ukurasa umepangwaje

Maandishi ya daktari yana mpangilio ambao haubadiliki sana, iwe ni zahanati ya kijijini au hospitali ya rufaa. Juu kabisa ni utambulisho: jina, namba ya faili, umri na jinsia. F ni mwanamke, M ni mwanamume.

Kisha huja c/o, yaani kile mgonjwa anacholalamikia kwa maneno yake mwenyewe. HPI ni historia ya tatizo hilo: lilianza lini, limeongezeka vipi, ameshatumia dawa gani. PMHx ni ya nyuma: magonjwa ya zamani, kulazwa, upasuaji. Hapo ndipo utakapokuta k/c, mtu ambaye tayari anajulikana ana ugonjwa fulani; k/c DM ana kisukari, k/c HTN ana shinikizo la damu. FSHx ni familia na maisha yake: kazi, ndoa, pombe, sigara, magonjwa ya ukoo. NKDA maana yake hana dawa yoyote inayojulikana kumdhuru. Kama dawa ya kumdhuru ipo, huandikwa pahali pa kuonekana, mara nyingi kwa wino mwekundu, na ndiyo taarifa ya kwanza ya kutafuta kwenye faili lolote.

Baada ya hapo utaona O/E. Hapa daktari amemaliza kusikiliza, ameanza kuangalia, kugusa na kusikiliza kwa kipimo. Mwili hugawanywa kwa mifumo: R/S ni upumuaji, CVS ni moyo na mishipa ya damu, P/A ni tumbo, CNS ni ubongo na neva, MSS ni misuli na mifupa. NAD mbele ya mfumo ni kwamba hakuna kasoro iliyoonekana. Halafu Inv, vipimo vilivyoagizwa, Imp au Dx, ugonjwa anaoufikiria au aliouthibitisha, DDx, magonjwa mengine yanayofanana nao, Rx, matibabu, na mwisho TCA au RTC, siku ya kurudi.

Kwa nini mpangilio huu ni muhimu kuliko maneno? Kwa sababu kila sehemu ina uzito wake. Maumivu ya kifua yakiwa chini ya c/o hayajawa ugonjwa wa moyo. Ni alichosema mgonjwa. Na Imp ni fikra ya awali, kesho majibu ya maabara yakija inaweza kufutwa.

Wodini utakutana na mtindo mfupi zaidi, SOAP: S ni anachosema mgonjwa leo, O ni kilichopimika na kuonekana, A ni tathmini, P ni mpango. Mtindo huu ulitokana na kazi ya daktari Mmarekani Lawrence Weed, aliyepigania miaka ya 1960 kwamba faili lifuate matatizo ya mgonjwa badala ya kuwa rundo la karatasi. Ukiona ukurasa una herufi hizo nne pembeni, umeshajua mahali pa kutafuta kila kitu.

Hatua ya 2: Alama ndogo zenye maana kubwa

Ukijifunza jambo moja tu leo, liwe hili la sehemu, yaani namba mbili zenye mkwaju katikati, kama 3/7. Nambari ya chini inataja kipimo cha muda: 7 ni siku, kwa kuwa wiki ina siku 7, 52 ni wiki, kwa kuwa mwaka una wiki 52, 12 ni miezi. Kwa hiyo fever 3/7 ni homa ya siku 3. Cough 2/52 ni kikohozi cha wiki 2. TCA 1/12 ni kurudi baada ya mwezi mmoja. Mtoto wa 6/12 ana miezi 6.

Mtu asiyejua husoma 3/7 kuwa tarehe 3 Julai, na hapo mambo huharibika. Mgonjwa aliyeambiwa TCA 3/7 mwezi wa Februari akisubiri hadi Julai, ugonjwa haumsubiri. Tarehe halisi kwa kawaida huandikwa na mwaka, au hukaa pembeni au juu ya ukurasa. Ukiona sehemu isiyo na mwaka katikati ya sentensi, ni muda.

Wajawazito wana sehemu yao: GA 32/40 ni mimba ya wiki 32 kati ya 40. Hapo 40 haigeuzwi kuwa kipimo kingine.

Alama ya kuuliza mbele ya ugonjwa, kama ?PTB, ni shaka ya kifua kikuu cha mapafu. R/O ina kazi inayokaribiana na hiyo: daktari anataka kuuondoa ugonjwa huo kwenye orodha ya washukiwa, kwa hiyo ameagiza kipimo. Ndugu wengi wamelia kwenye benchi la nje baada ya kusoma R/O Ca kwenye karatasi, wakadhani saratani imeshathibitishwa. Haijathibitishwa, inatafutwa ili iondolewe, ingawa kweli inaweza kupatikana.

Kiduara kidogo juu ya herufi, kama P° au J°, ni hakuna: hakuna weupe wa damu kupungua, hakuna umanjano. Alama za kujumlisha huongeza uzito, kutoka + hadi +++. Mshale wa juu ni kupanda, wa chini ni kushuka. Pembetatu ndogo ni utambuzi wa ugonjwa. # ni mfupa uliovunjika, hivyo # Rt femur ni paja la kulia limevunjika. Rt na Lt ni kulia na kushoto kwa mgonjwa. Ukimtazama uso kwa uso, kulia kwake ni upande wa mkono wako wa kushoto, na picha ya eksirei nayo husomwa hivyo hivyo.

S/P ni baada ya tukio fulani, mara nyingi upasuaji. NPO au NBM ni asile wala kunywa chochote; ikiwa imebandikwa kitandani, hata uji wa mama mzazi unasubiri. LAMA au DAMA ni mgonjwa aliyeondoka kinyume na ushauri wa daktari.

Hatua ya 3: Namba za mwili na za maabara

Karibu kila ukurasa una mstari wa vipimo vya msingi. T ni joto: 37.5 na kuendelea kwapani huhesabiwa homa. PR ni mapigo ya moyo. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika. RR ni pumzi, 12 hadi 20 kwa mtu mzima. Watoto ni hadithi nyingine: wa miezi 2 hadi 11 huhesabiwa anapumua haraka akifika 50, wa mwaka 1 hadi chini ya miaka 5 akifika 40. Usimpime mtoto kwa namba za baba yake.

BP ni shinikizo la damu. 140/90 na kuendelea, ikirudiwa kupimwa na kubaki hapo, huitwa shinikizo la juu. SpO2 ni oksijeni kwenye damu. RA mbele yake maana yake mgonjwa anapumua hewa ya kawaida bila kuwekewa oksijeni. 95% na kuendelea ni sawa kwa wengi, chini ya 90% ni hatari. Wt ni uzito. MUAC ni mzunguko wa mkono wa juu, unaopimwa kwa utepe wa rangi kwa watoto wa miezi 6 hadi 59: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Kutoka hapo hadi chini ya 12.5 ni njano.

Maabara, majina hutofautiana kwa nchi. Picha kamili ya damu Tanzania huandikwa FBP. Kenya utaona FHG. Hospitali nyingi binafsi za pande zote mbili huandika CBC. Ni kipimo kilekile. Ndani yake WBC ni chembe nyeupe, Plt ni chembe za kugandisha damu, na Hb ndiyo ambayo watu huiita "damu": ukisikia mama anasema damu yake ni 9, anataja Hb. Kwa mjamzito, chini ya 11 ni upungufu, chini ya 7 ni upungufu mkali.

Sukari huandikwa RBG au RBS ikipimwa wakati wowote, FBG au FBS ikipimwa kabla ya kula. Tazama kizio kabla ya kuogopa. Mashine za kwetu nyingi hutoa mmol/L, lakini nyingine hutoa mg/dL, na namba zinapishana mara 18. Sukari 126 kwa mg/dL ni sawasawa na 7.0 kwa mmol/L, mpaka ambao kuanzia hapo sukari ya kabla ya kula huashiria kisukari. Mtu aliyezoea 5 na 6 akikutana na 100 hupata presha bila sababu.

mRDT ni kipimo cha haraka cha malaria. BS for MPS ni tone la damu linaloangaliwa kwa hadubini. UPT ni kipimo cha mimba kwa mkojo. LFT ni ini, RFT ni figo. CXR ni picha ya kifua, USS ni ultrasaundi, ECG ni umeme wa moyo. Kwenye mkojo, pus cells ni seli za usaha, na protein ni protini. Protini ++ kwa mjamzito mwenye presha ya juu ni dalili ya kuelekea kifafa cha mimba. Karatasi hiyo haikai mezani ikisubiri foleni.

Hatua ya 4: Vunja maneno marefu

Maneno ya kitabibu ni ya Kigiriki na Kilatini, na yanatisha kwa urefu tu. Mzungumzaji wa Kiswahili ana faida hapa. Yeyote anayeweza kulitazama neno hawakumpikia na kuona mara moja kanushi, watendaji, wakati uliopita, mtendwa na mzizi wa kupika, ameshazoea kuvunjavunja neno vipande. Fanya vivyo hivyo, ila anza mwisho.

Mwisho wa neno hukwambia ni jambo gani. -itis ni mchochota, sehemu kuvimba na kuuma. -algia ni maumivu. -aemia ni hali ya damu, -uria ni hali ya mkojo. -oma mara nyingi ni uvimbe unaoota. -pathy ni ugonjwa, -megaly ni kukua kupita kiasi, -penia ni upungufu, -plegia ni kupooza.

Katikati hukwambia ni wapi. Hepat- ni ini. Nephr- na ren- ni figo. Gastr- ni mfuko wa chakula, enter- ni utumbo, cyst- ni kibofu, cardi- ni moyo, pneumo- na pulmo- ni mapafu, encephal- ni ubongo, oste- ni mfupa, arthr- ni kiungo, my- ni msuli, derm- ni ngozi, hyster- ni mji wa mimba, splen- ni wengu, rhin- ni pua, ot- ni sikio.

Mwanzo hukwambia kiasi au mahali. Tachy- ni haraka, brady- ni polepole. Poly- ni nyingi, olig- ni kidogo, a- na an- ni hakuna, dys- ni kwa shida au kwa maumivu. Intra- ni ndani, peri- ni kuzunguka, post- ni baada.

Sasa jaribu. Hepatitis: ini, mchochota; ndiyo homa ya ini. Hepatosplenomegaly: ini na wengu vimekua. Gastroenteritis: mfuko wa chakula na utumbo, yaani kuharisha na kutapika, na kwenye faili utaona AGE. Chukua mkojo peke yake uone mizizi inavyozaa: dysuria, kukojoa kwa maumivu, polyuria, mkojo mwingi, oliguria, mkojo kidogo, anuria, mkojo haupatikani kabisa, haematuria, mkojo wenye damu. Umepata maneno matano kwa bei ya moja.

Upasuaji una miisho mitatu inayofanana, na lazima itenganishwe. -otomy ni kukata na kufungua: laparotomy, tumbo limefunguliwa. -ectomy ni kuondoa: appendicectomy, kidole tumbo kimetolewa, hysterectomy, mji wa mimba umetolewa. -ostomy ni kutengeneza tundu linalobaki: colostomy, utumbo mpana umetolewa mdomo kwenye ngozi ya tumbo. Na -oscopy ni kuchungulia ndani kwa kamera. Kuchanganya hayo kwenye faili ni kumpa mtu upasuaji ambao hakufanyiwa.

Jozi hatari kuliko zote ni hyper- na hypo-, juu na chini. Hypoglycaemia ni sukari kushuka, mgonjwa anahitaji sukari sasa hivi. Hyperglycaemia ni sukari kupanda. Ukiyanakili, soma herufi kwa herufi, kisha linganisha na namba iliyoandikwa kando: sukari 2.4 haiwezi kuwa hyper. Tahadhari ya namna hiyo pia kwa ileum, sehemu ya utumbo mwembamba, na ilium, mfupa wa nyonga.

Jambo dogo la tahajia: hospitali zetu hufuata Kiingereza cha Uingereza, kwa hiyo ni anaemia, oedema, haemorrhage. Kompyuta nyingi na vitabu vya Marekani huandika anemia, edema, hemorrhage. Ukitafuta oedema kwenye orodha ya Kimarekani chini ya O hutaipata.

Hatua ya 5: Mstari wa dawa

Rx inatokana na neno la Kilatini la amri, chukua. Mstari kamili una mambo matano kwa mpangilio: aina na jina la dawa, nguvu yake, njia, mara ngapi, kwa muda gani. Kimoja kikikosekana, mstari haujakamilika na urudi kwa aliyeandika.

Tab ni kidonge, cap ni kapsuli, susp au syr ni ya maji, inj ni sindano. PO ni kwa mdomo, IV ni kwenye mshipa, IM ni kwenye msuli, SC ni chini ya ngozi, PV ni ukeni. OD mara moja kwa siku, BD mara mbili, TDS mara tatu, QID mara nne. Nocte ni usiku, stat ni sasa hivi, PRN ni inapohitajika tu. Kwa hiyo Tab PCM 1g PO TDS 3/7 ni paracetamol gramu 1, kwa mdomo, mara tatu kwa siku, kwa siku 3.

Kwenye bahasha ya dawa utaona 1x3 au 2x2. Namba ya kwanza ni vidonge, ya pili ni mara kwa siku. Wagonjwa wengi huijua hii kuliko maafisa wapya. Hata hivyo 1x3 inasema tu mara tatu. Muuguzi au mfamasia aseme wazi kwamba ni kila baada ya saa 8, la sivyo mgonjwa atameza asubuhi, mchana na jioni ya saa kumi na mbili, kisha usiku wote dawa haipo mwilini.

Mwandiko wa dawa ndio unaoua. Mwaka 2004 shirika la Marekani linalokagua hospitali, Joint Commission, lilitoa orodha ya vifupisho visivyotakiwa kabisa, na mantiki yake inafaa popote. U ya yuniti za insulini husomeka kama sifuri: 4U ikawa 40. Nukta bila sifuri mbele, .5 mg, husomeka 5. Sifuri ya ziada nyuma, 5.0 mg, husomeka 50. Basi andika neno yuniti kwa urefu wake, andika 0.5, na andika 5 peke yake. Kanuni hii ya mwisho ni ya dozi. Kwenye majibu ya maabara 7.0 ni sawa, kwa kuwa inaonyesha usahihi wa kipimo.

Hatua ya 6: Kadi ya mjamzito

Kadi hii ina lugha yake, na ndiyo inayosomwa na watu wengi zaidi nyumbani kuliko faili lolote. LNMP ni siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. EDD ni tarehe ya matarajio. Zinaunganishwa na kanuni ya daktari Mjerumani Franz Naegele: ongeza siku 7, ongeza miezi 9. Hedhi ya mwisho ikiwa tarehe 10 Machi, matarajio ni tarehe 17 Desemba. Inafaa kwa mwenye mzunguko wa siku 28. Mwenye mzunguko mrefu huchelewa kidogo.

G ni idadi ya mimba zote pamoja na hii, P ni mara alizojifungua, L ni watoto walio hai. Soma G4 P3 L2 polepole: mimba ya nne, amejifungua mara tatu, watoto wawili wako hai. Mmoja amefariki. Kwa hiyo usimuulize dirishani kwa sauti, mbele ya foleni, "mama, mbona watoto hawatimii?" Kenya hupendelea Para 2+1: amezaa mara mbili, na mimba moja imetoka kabla mtoto hajafikia umri wa kuweza kuishi.

FHR ni mapigo ya moyo wa mtoto tumboni, kawaida 110 hadi 160. Cephalic ni ametanguliza kichwa, breech ametanguliza matako. SVD ni kujifungua kwa njia ya kawaida, C/S kwa upasuaji. APH ni damu kutoka kabla ya kujifungua, PPH ni kutoka nyingi baada ya kujifungua. Zote mbili ni za kukimbiza.

Hatua ya 7: Soma ukurasa mzima

Huu nimeutunga kwa ajili ya mazoezi:

34/F. C/o fever 3/7, headache, vomiting 1/7. No cough, no dysuria. K/c HTN. NKDA. LNMP 2/52 ago. O/E: febrile, P° J°. T 38.9, PR 104, RR 18, BP 142/88, SpO2 98% RA. P/A soft. R/S, CVS: NAD. Inv: mRDT, Hb, urinalysis. mRDT +ve, Hb 11.8, urine NAD. Dx: uncomplicated malaria. Rx: ALu 4 tabs stat, repeat after 8 hrs, then 4 tabs BD 2/7. PCM 1g TDS 3/7. TCA 3/7.

Mwanamke wa miaka 34, homa siku 3, kichwa kinauma, ametapika tangu jana. Hakohoi, hakojoi kwa maumivu. Daktari ameandika visivyokuwepo kwa makusudi, kwa sababu anaondoa nimonia na UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Ana presha ya kudumu, hana aleji ya dawa. Hedhi yake ilikuwa wiki 2 zilizopita, swali lililoulizwa ili kujua kama ana mimba kabla ya kuchagua dawa. Ana joto, si mweupe, si manjano. Mapigo yako juu kidogo, jambo la kawaida penye homa. Presha 142/88 imepita mpaka, lakini huyu ni k/c HTN na yuko na homa. Ya kufuatilia akipona. Tumbo laini, kifua na moyo havina kasoro. Malaria imeonekana. Damu 11.8, chini kidogo ya 12 inayotarajiwa kwa mwanamke asiye mjamzito. Malaria isiyo kali. Dawa ya mseto: vidonge 4 sasa hivi, 4 baada ya saa 8, kisha 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku 2. Hesabu: dozi 6, vidonge 24. Bahasha ikiwa na pungufu, rudi dirishani kabla hajaondoka.

Rudia zoezi hili kwa kurasa ulizoruhusiwa kuzisoma. Jifunze idara moja kwanza, ile unayofanyia kazi, hadi isikubabaishe, ndipo uhamie nyingine. Anayekaa OPD, idara ya wagonjwa wa nje, hana haja ya kuanza na vifupisho vya macho.

Misimbo na siri

Kwenye mifumo ya kompyuta, kama GoTHOMIS ya hospitali za umma Tanzania, ugonjwa hupewa msimbo wa kimataifa, ICD. Toleo la 11 lilianza rasmi Januari 2022, lakini ya 10 bado utakutana nayo sana: I10 ni shinikizo la damu, E11 ni kisukari cha aina ya 2, N39.0 ni UTI, B54 ni malaria ambayo aina yake haikutajwa. Msimbo lazima ufuate Dx ya mwisho. Ukiweka msimbo wa ugonjwa kwa mtu mwenye ?, umemthibitishia ugonjwa ambao daktari hajauthibitisha.

Ukishajua kusoma, utajua mambo ya majirani zako. RVD na ISS ni vifupisho vilivyotumika kuandika maambukizi ya VVU bila kuyataja, na kadri watu wengi wanavyovijua ndivyo visivyoficha tena. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 zote zinaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Ndugu akikuomba "nisomee tu hapa alichoandika daktari", mwelekeze kwa daktari au kwa mgonjwa mwenyewe, hata kama ni shemeji yako.

Usipoweza kusoma

Mwandiko mwingine hausomeki, na hilo halitaisha leo. Usibashiri jina la dawa wala dozi. Nenda kwa aliyeandika, ukamuulize kwa kumpa machaguo: "Samahani daktari, hapa ni OD au BD?" Swali la namna hiyo hujibiwa haraka kuliko "hapa umeandika nini?" Akiwa ameshaondoka zamu, muulize msimamizi wa zamu. Ukinakili rejista na neno halijajulikana, acha nafasi na uweke alama ya kuuliza kwa penseli, usijaze kinachofanana.

Ukikosea kuandika, piga mstari mmoja juu ya kosa ili bado lisomeke, andika sahihi pembeni, weka tarehe na saini. Usifute wala usipake rangi nyeupe, na usichane ukurasa. Anayefuata kulishika faili anahitaji kuona kilichoandikwa kwanza, kilichobadilishwa na aliyekibadilisha.